Mafuta ya Mama Mkwe

Bi Mwanaupe, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejifunika uso kwa kitenge ingawa niko peke yangu chumbani na hakuna anayenitazama, na ukishasoma utaelewa kwa nini. Naomba usinicheke mbele ya wasomaji, au kama kucheka ni lazima basi cheka kwanza halafu unisaidie, maana nimefika mahali sina wa kumwambia.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, wa hapa Suguti, na tangu nikiwa mdogo uso wangu unatoa mafuta. Ile miaka ya shida, sabuni ilipokuwa haionekani madukani na tukawa tunafulia majani ya mpapai, mama alikuwa akitupaka mafuta ya sangara kila asubuhi ili tusiende shule tumepauka watu wakasema hatuna wazazi, na alikuwa anapaka kwelikweli, mpaka masikioni. Wenzangu yaliwakauka njiani, lakini mimi nilikuwa nang'aa mpaka jioni, wakaniita Kikaango, na jina hilo lilinifuata hadi nikamaliza darasa la saba. Kwa hiyo aibu ya uso wangu haikuanza leo.

Dada yangu Hyasinta ana miaka ishirini na minane. Anaanika dagaa huku mwaloni, mitumbwi inapotua, tangu alipotoka shule, jua linampiga kutoka juu na lingine linarudi kutoka kwenye mawe, na sasa pembeni mwa macho yake kuna mistari, na paji la uso limekunjamana. Mwaka jana tulikwenda Musoma mjini kununua kitambaa, mwenye duka akaniambia nimwache mama yangu achague. Hyasinta alicheka sana. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo nikitazama kioo nilikuwa nacheka makusudi nione kama mistari na mimi imeanza, na siku nyingine niliiona. Msusi wangu wa pale mjini akaniambia siku hizi maduka yamejaa, vitu vinaingia kutoka mpakani Sirari, hata makunyanzi yana dawa, ila inabidi uanze kabla hayajaja kwa sababu yakishafika hayatoki. Nikatoka pale nikijua nimechelewa.

Mwezi wa kumi na moja nikaposwa na Pastory, fundi wa redio anayefanya kazi Bunda, kijana mpole ambaye sijamwona akigombana na mtu. Kwao ni Kiabakari. Familia yao wana kawaida kwamba mchumba akishaposwa anakwenda kukaa kidogo na mama mkwe, amsaidie kazi, wazoeane, kwa hiyo baada ya Krismasi nikaenda kusaidia palizi ya pamba. Mama mkwe wangu, Mama Benedikta, amepita miaka hamsini na uso wake ni laini kama wa msichana, sikudanganyi, nami nikawa namtazama anapopepeta mtama nikijiuliza amefanyaje huyu wakati dada yangu ni hivi. Yeye ndiye kiongozi wa akina mama kanisani, na wasichana wanaojipaka poda huwatoa nje wakanawe ndipo waingie kwenye ibada. Basi nikajua ni mambo ya kuzaliwa tu.

Sasa Bi Mwanaupe nafika kwenye jambo lenyewe na mkono unakuwa mzito. Kwetu na kwao pia, mkwe haingii chumba wanacholala wakwe zake. Hata kama ni kuchukua chombo, unasimama nje unaita, mwenyewe akuletee. Bibi alinifundisha hilo kabla sijaweza kubeba ndoo, akaniambia anayeingia humo amewavua nguo wazee, na ikijulikana watu wanakaa kikao, mbuzi anachinjwa, na habari inatembea kijiji kizima.

Alhamisi moja Mama Benedikta alikuwa kanisani na baba mkwe yuko shamba, mvua ikaja na upepo, na nikasikia dirisha la chumba chao linajipiga. Nikainua pazia, nikaona maji yanaingia mpaka kitandani. Niliita nikijua hakuna mtu. Nikaingia, nikafunga dirisha, na nilipogeuka nikaona juu ya kigoda kopo la mafuta, ubavuni lina picha ya mama wa kizungu mwenye mvi anacheka, na maandishi ya Kiingereza ambayo neno moja nililijua kwa sababu msusi aliwahi kunionyesha, neno la makunyanzi. Nikafungua. Lilinukia vizuri. Nikachota kwa kidole, nikapaka.

Hiyo mara ya kwanza ilikuwa mvua. Mara ya pili haikuwa mvua, wala ya tatu, wala zile nyingine ambazo sitaki hata kuzihesabu. Kila akitoka naingia. Na sikupaka kidogo, nilipaka kama tulivyopakwa utotoni, kwa sababu nilijua kitu kizuri hakipatikani kila siku na kikipatikana unajaza. Uso ukaanza kuwasha, kisha chunusi, kisha vipele vikubwa vyenye usaha, mashavu yote mawili mpaka kidevuni. Nikajiambia huo ni uchafu wa zamani unatoka, nikaongeza.

Ndipo akaja shangazi yake Pastory kutoka Butiama, Shangazi Ursula, na kabla hajamaliza kusalimia alikuwa ameshaniona. Nilikuwa nje ya jiko na kuni mkononi nikamsikia anamwambia Mama Benedikta, "Huyu binti alikuwaga na uso mzuri siku ya posa. Sasa hivi unaona mwenyewe. Dunia imeharibika, wifi. Kabla ng'ombe hazijatoka, apimwe." Unajua ugonjwa aliokusudia, hakuutaja na hakuna aliyehitaji autaje. Nilisubiri Mama Benedikta aseme hata neno moja la kunitetea, hakusema. Nilisikia sauti ya sufuria tu.

Kesho yake alinipa kipande cha sabuni, akaniambia, "Nawa na hii. Usipake kitu kingine." Hakunitazama. Na siku iliyofuata niliingia jikoni kupika nikakuta lile kopo liko juu ya kichanja, limeoshwa, limetiwa chumvi, na picha ya yule mama wa kizungu imegeuzwa inatazama mlangoni. Sijui mafuta yalikwisha nikayamaliza mimi au vipi. Sikuthubutu kuligusa, nikawa napika mboga chapwa mpaka baba mkwe akauliza kama chumvi imepotea tena madukani. Sikuweza kukaa. Nikadanganya kwamba mama yangu anaumwa, nikarudi Suguti.

Sasa huko Kiabakari wamekubaliana ng'ombe wa mahari wasitoke mpaka wazee wakutane baada ya Pasaka, na Shangazi Ursula anataka karatasi ya hospitali. Pastory alikuja kwa baiskeli. Sikutoka, niliongea naye nikiwa nyuma ya mlango. Aliniambia, "Niambie kama unaumwa. Nikijua, nitakaa na wewe. Nisipojua ndiyo siwezi." Nikisema siumwi ataniuliza uso umefanya nini, na nikisema uso umefanya nini itabidi niseme niliingia wapi. Alisimama kidogo, akaondoka, na nilisikia mnyororo wa baiskeli mpaka barabarani.

Niliyemwambia ni Hyasinta peke yake. Akaniuliza kwa nini msichana kama mimi nipake mafuta ya wazee, na mimi kwa hasira zangu nikamwambia sikutaka kuwa na uso kama wake. Alichukua ungo wake akaenda kuanika dagaa. Hilo linaniumiza kuliko vipele.

Naomba unijibu mambo mawili. Mtu mwenye ngozi ya mafuta kama mimi aanze lini haya mafuta ya kuzuia uzee, je, niliwahi au ndiyo nilikosea kuyapaka? Na je, niache waamini ninaumwa posa ivunjike kimya kimya, au niseme nilikoingia niaibike mimi na wazazi wangu? Namtaka Pastory, Bi Mwanaupe. Sijui kama bado ninayo haki ya kumtaka.

Ni mimi, Mwenye Kitenge, Suguti. Februari 1991.

BI MWANAUPE ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, kwa ruhusa uliyonipa mwenyewe, nilipofika pale unapochekea kioo ili kutafuta makunyanzi. Hata mtoto mchanga akicheka anakunja uso. Lakini nilipofika kwa Hyasinta na ungo wake nikaacha kucheka, na hapo nitakurudia, usidhani umepona.

Tuanze na ngozi, kwa sababu ndiyo nyepesi. Mimi pia natokwa na mafuta usoni. Shuleni wewe uliitwa Kikaango, mimi kaka zangu walikuwa wananiambia nisisogee karibu na jiko nitawaka. Leo nina miaka hamsini na saba, na wenzangu wa ngozi kavu ambao niliwaonea wivu ndio wanaokuja kuniuliza napaka nini. Sipaki kitu. Hayo mafuta unayoyaonea aibu ndiyo hayo wenzako wanayanunua ndani ya kopo. Ngozi yako inajitengenezea, na wewe ukaiongezea mafuta mazito ya mtu mzima, tena ukajaza, vitundu vyote vikaziba. Ungetegemea nini? Picha ya kopo uliiona. Hukujiuliza kwa nini waliweka mama mwenye mvi wakati wasichana wa kizungu wapo?

Kwa hiyo hukuwahi na wala hukuchelewa, ulipotea njia. Katika miaka ishirini na moja mtu wa ngozi yako hana cha kuanza. Ukifika thelathini na kitu, ukaona ngozi inakaza baada ya kuoga, hapo paka kitu chepesi, kidogo, usiku. Mikunjo ikija, imekuja, mwenye bahati ndiye anayefika umri wa kuipata. Kwa sasa nawa asubuhi na jioni kwa sabuni ya kuogea ya kawaida na maji safi, usisugue, usipake ndimu hata ukiambiwa na nani, na uondoe mikono usoni. Usiminye. Na hicho kitenge kivue, unapika vipele vyako kwa joto. Wiki chache zikipita bila nafuu, nenda zahanati wakutazame. Msusi wako aendelee na nywele, huko anajua.

La pili, huo ugonjwa ambao Shangazi Ursula hakuutaja. Nyote huko mnaelewa vibaya. Hausomwi usoni. Yupo mwenye nao na uso wake unang'aa kama sahani, na yupo mwenye vipele ambaye tatizo lake ni kopo. Mimi simlaumu sana shangazi, watu wamezika wengi na hofu imewakaa kichwani. Lakini usiende kupimwa peke yako kama mshitakiwa. Mwambie Pastory mwende wote wawili hospitali ya mkoa, mkapime damu wote wawili, maana anayekaa Bunda mjini anatengeneza redio naye ana damu. Vijana wanaotaka kuoana wangefanya hivyo hata bila vipele vya mtu. Akikataa kwenda, utakuwa umejua jambo lingine kabla ng'ombe hawajafika.

Sasa chumba. Hapo ulikosea na sitakupangusia machozi. Mara ya kwanza ulifanya kazi ya mtoto mwema, umeokoa kitanda cha watu na mvua. Ungesema jioni ile ile, "Mama, mvua ilikuwa inaingia, nikafunga dirisha," angekushukuru na habari ingeisha. Ulinyamaza kwa sababu ya kidole kimoja cha mafuta. Kisha ukarudi ukijua unachofanya, ndani ya nyumba ya watu waliokukaribisha, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kukuona. Hiyo aibu uliyonayo ni halali yako, ibebe.

Lakini mwanangu, umeandika kurasa zote hizi na jambo kubwa kuliko yote umelipita. Mama Benedikta anajua. Alijua kabla shangazi hajafika. Mwanamke anayenunua kopo kama lile kwa kujificha anajua limebaki kiasi gani kila asubuhi. Baba mkwe wako hapaki mafuta ya makunyanzi. Aliposikia neno la kupimwa akashindwa kukutetea, na wewe ukadhani amekuacha. Angesema nini? Aseme binti haumwi, amepaka mafuta yangu? Yeye ambaye huwatoa wasichana nje wakanawe poda? Wewe unaogopa ijulikane uliingia, na yeye anaogopa ijulikane ulikuta nini. Mmekaa jiko moja mnaogopana, na katikati yenu kijana wa watu anapanda baiskeli kutoka Bunda kuja kuongea na mlango.

Na alifanya alichoweza. Kuhusu mafuta uliuliza kama uliyamaliza wewe. Kama ungeyamaliza wewe ungeliona kopo tupu, ulikuwa unalifungua kila akitoka. Aliyamwaga mwenyewe. Akakupa sabuni akakuambia usipake kitu kingine, na mtu asiyejua hasemi hivyo, asiyejua anauliza umepaka nini. Kisha akalitoa kopo lile katika chumba ambacho huruhusiwi kuingia, akaliosha, akaliweka mahali ambapo unaruhusiwa, akageuza picha ikutazame. Alikuwa anakuambia nimejua, siri yangu nimeitoa, na wewe toa yako. Ukamjibu kwa kupika mboga chapwa na kumzulia mama yako ugonjwa. Mama yako mzima. Hilo nalo utalisema.

Usiache posa ivunjike kimya kimya. Ukiacha, kule Kiabakari utabaki mgonjwa maisha yako yote, Pastory ataoa kwingine akiwa na swali moyoni, na Mama Benedikta atakaa kanisani mbele ya watu akijua aliacha mtoto wa mwenzake asingiziwe kwa ajili ya kopo. Nyote mtaumia, na kopo litaendelea kutiwa chumvi.

Lakini kabla ya Kiabakari kuna mwaloni. Yule dada unayeogopa uso wake, jua lile lilimpiga akifanya nini? Wewe ulikuwa shuleni, yeye anaanika. Daftari zako zilitoka kwenye dagaa zile, na kitambaa cha Musoma pia, nakisia. Mwenye duka alipomdhania ni mama yako, dada yako alicheka ili wewe usione haya, na wewe umemrudishia vile. Nenda leo, si kesho. Kamwambie umekosa, kwa maneno hayo hayo, usizunguke. Kisha mnunue kofia za ukindu zenye ukingo mpana, yake na yako, na wakati anapanga dagaa na wewe upange. Ukiniuliza dawa ya makunyanzi kwa umri wako, ni kofia hiyo, na kuanika mapema kabla jua halijakaza. Yeye pia bado ni kijana, anahitaji kofia kuliko wewe.

Akishakusamehe, mwombe akusindikize Kiabakari. Usimpeleke shangazi wala mjumbe, jambo likipita midomo mingi litafika limekuwa mbuzi watatu. Nendeni siku ambayo si Alhamisi, ili mumkute nyumbani. Hyasinta abaki sebuleni amsalimie mzee. Wewe nenda jikoni, uso wazi, na vipele vyako vyote. Kuhusu mbuzi, Mama Benedikta ndiye ataamua kama jambo litoke jikoni au lisitoke, na akitaka litoke, mbuzi atachinjwa, utainama, na utaolewa ukiwa umeinama. Wengi tumeolewa hivyo. Ila sidhani kama atataka. Sidhani kama angependa wazee waulize alichokuwa nacho juu ya kigoda.

Na ikishakwisha baina yenu, Pastory umwambie wewe mwenyewe, yote, na mlango ukiwa wazi.

Najua utafika pale jikoni ulimi ukwame. Basi usianze na hotuba. Kuna chakula kitakuwa motoni, kama si uji ni mboga. Shika mwiko, onja, kisha mwombe akupe chumvi. Lazima ageuke alichukue kopo lile kwa mkono wake akukabidhi. Pokea kwa mikono miwili, umtazame, useme, "Mama, ni mimi." Usiongeze neno. Halafu utie chumvi ya kutosha, wazee wale wamekula chapwa vya kutosha.